Kupima Nyumba ya Mkwe kwa Kumuuliza Mbuzi

Kilichoninyima usingizi kilikuwa mlango. Mlango wa mbao, rangi ya bluu, katika nyumba ya mama wa mchumba wangu. Chini yake ulipita waya mrefu wa kuunganishia, ule ambao hapa Kamina tunauita ralonji. Upande mmoja ulichomekwa ukutani sebuleni. Upande wa pili uliingia chumbani, na kule ndani sikujua unalisha nini. Labda taa moja. Labda mashine ya kusaga. Na mimi ndiye niliyetumwa kupima mahitaji ya umeme ya nyumba ile, ili tuiwekee sola na betri za kuishika kila umeme wa mji unapokatika, yaani mara nyingi.

Najua mnachotaka kuniuliza, wadogo zangu wa darasa la umeme. Kwa nini hukufungua mlango? Ngojeni kidogo. Nimeacha kazi ya kupanda mapaa mwezi uliopita ili nije kuwafundisha, na nimestaafu kabla ya kuota mvi hata moja, kwa hiyo sina uzee wa kuwapa. Nina nyumba nilizozipima, basi. Ile ya mlango wa bluu ndiyo ninayoikumbuka zaidi, ingawa nusu ya vipimo vyake nilivipata kwa kuongea na mbuzi.

Kwanza hesabu yenyewe, kwa sababu mkuu wa shule ataniuliza kama nimewafundisha. Kila kifaa kina wati zake. Unazidisha wati kwa saa ambazo kifaa kinafanya kazi kwa siku, unajumlisha vifaa vyote, unapata umeme ambao nyumba inakula tangu asubuhi hadi asubuhi. Hiyo inakuambia ukubwa wa betri na wingi wa paneli. Halafu unajiuliza swali la pili, ambalo wengi wanalisahau: ni vifaa gani vinawaka kwa pamoja? Hilo linakuambia ukubwa wa inveta. Friza ni kama mtu anayeamshwa vibaya, dakika ile ya kuamka inataka umeme mara kadhaa zaidi ya ule ulioandikwa mgongoni pake, kisha inatulia. Betri za risasi usizinyonye kupita nusu, zitakufa mapema. Kipindi cha mvua kuna siku jua halionekani. Kiangazi jua lipo, lakini watu wanachoma pori na majivu yanakaa juu ya paneli kama blanketi, na mwenye nyumba atakuja dukani kusema umemuuzia paneli mbovu. Mpe kitambaa na maji.

Ukijua hayo umejua karibu kila kitu, isipokuwa kile ambacho watu wanacho nyumbani. Hicho hawakuambii.

Si kwamba wanadanganya. Ukimuuliza mtu ana vifaa gani, anakutajia vile asivyovionea haya. Kule Base, kwenye kambi ya jeshi, mke wa ajida mmoja alinikaribisha vizuri sana, akanipa kiti na maji, akaniambia ana taa, televisheni na simu.

"Na pasi, Mama?"

"Pasi kidogo tu. Nguo ya Papa."

Nikaandika pasi moja, mwanamume mmoja, dakika chache. Jumapili iliyofuata mtoto akaja kuniita: inveta imezima na inanuka. Nilikuta kamba zimefungwa ukuta hadi ukuta, na magwanda yamening'inia kama kikosi kizima kimekuja kusalimia. Mama yule alikuwa anapigia pasi mstari mzima wa nyumba, askari wa Kivu, wa Kasai, wa Ekwateri, wote walitaka kusimama gwaride Jumatatu wakiwa wamenyooka.

"Mama, ulisema nguo ya Papa."

"Njo vile. Hapa bote ni ba papa."

Tangu siku ile sikuuliza tena mtu ana nini. Niliuliza: Jumapili nyumba hii inafanya nini? Mgeni akija analala wapi, na simu yake anaichomeka wapi? Jirani akikosa umeme anagonga mlango gani? Ukiuliza hivyo watu wanaanza kusimulia, na katikati ya masimulizi pasi inatokea yenyewe.

Mwenye duka letu, Papa Kasongo, hakuwa na haja ya maswali kama hayo. Yeye alikuwa na njia yake, na njia yake ilikuwa moja. Ukimletea hesabu ya kurasa tatu, ataiangalia kama anavyoangalia mtoto wa mtu mwingine, ataikunja, kisha atasema, "Ongeza pano moja." Pano kwake ni paneli. Nyumba ndogo, ongeza pano moja. Kanisa, ongeza pano moja. Aliamini kwamba kila nyumba ya Kamina ni kama yake, na yake ilikuwa na watoto, wapwa, shemeji na mpangaji asiyeondoka. Kwa mjane mmoja aliyeishi peke yake na redio, aliweka mtambo ambao ungeweza kuendesha kinu. Mjane alikuja dukani kuuliza kama anaruhusiwa kuzima kidogo, kwa sababu kile kijitaa cha kijani cha inveta kilimtazama wakati wa sala.

Mimi nilikuwa kinyume chake. Nilipoletwa dukani na diploma yangu kutoka Lubumbashi, nilipiga hesabu mara moja, nikairudia kutoka chini kwenda juu, nikaipumzisha, nikaipiga tena kama mtu mwingine. Papa Kasongo alikuwa akiniambia, "Enjenia, wakati unamaliza kuhesabu, jua linashuka."

Sasa turudi kwenye mlango.

Mama Ngoie, mama wa mchumba wangu Ngoie, alikuwa anauza samaki. Samaki wake walitoka Kinkondja, kwenye Ziwa Kisale, na alikuwa na friza kubwa kama jeneza la chifu. Umeme wa mji ulikuwa umemwozeshea samaki mara nyingi kiasi kwamba majirani walijua hali ya umeme kwa pua. Akaamua kuweka sola. Alikuja dukani siku ambayo mimi sikuwepo, akaongea na Papa Kasongo, wakaelewana. Papa Kasongo akaniita.

"Kesho utaenda kupima kwa Mama Ngoie."

"Papa, siwezi kuingia mule. Ni bukwe yangu."

"Njo vizuri. Hautaiba kintu."

Labda wengine kati yenu mmekulia Base na hamjui desturi hii ya bukwe, yaani ukweni, basi nieleze. Kwetu mwanamume hasimami uso kwa uso na mama wa mke wake, wala wa mchumba wake. Hali chakula mbele yake. Haingii jikoni kwake wala chumbani kwake. Akimwona anakuja njiani, anakumbuka ghafla kwamba alikuwa anaelekea upande mwingine. Haya hiyo inaondolewa kwa kuku, anayeletwa na wazee wa upande wa mwanamume, na kwa kawaida huletwa baada ya harusi, wala hakuna anayeharakisha. Mjini wengi wameyaacha mambo haya. Mama Ngoie hakuacha hata moja.

Kaka yake, yaani mjomba wa Ngoie, alifanya mambo kuwa magumu zaidi. Aliposikia ni mimi nitakayeweka umeme ule, alisema mbele ya watu, "Vizuri. Tuangalie kwanza kama hii nyumba itabakia na kuran. Mambo ya harusi tutaongea nyuma." Kuran ni umeme. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga ratiba. Lakini tangu hapo nilijua kwamba friza ile ikizima mikononi mwangu, harusi yangu nayo inaweza kuzima.

Basi nikaenda kupima. Nilikaa kwenye kigoda uwanjani, mgongo nimeelekeza jikoni. Jiko lao liko nje, nyuma ya ukuta wa matete. Mama Ngoie alikuwa nyuma ya matete, anasonga bukari, yaani ugali. Sebuleni niliruhusiwa kupita kama hayupo, na ndiko nilikouona ule mlango na ule waya. Kwa vyumba vingine ilibidi niulize. Ngoie, ambaye ndiye angekuwa mjumbe wetu, alikuwa shuleni anakofundisha. Kati yangu na matete hakukuwa na mtu, kulikuwa na mbuzi amefungwa kwenye mti mdogo.

Nikakohoa.

"Mbuzi," nikasema, "muntu akitaka kujua friza inafanyaka saa ngapi ku siku, angeuliza nani?"

Mwiko uligonga sufuria.

"Mbuzi," ikajibu sauti kutoka nyuma ya matete, "ambia huyu muntu samaki ya Kinkondja haijuake saa. Friza inafanya siku yote na usiku yote."

Nikaandika. Mbuzi alinitazama bila kuchangia.

"Mbuzi, na televizyo?"

"Ile iko ya batoto. Aandike kidogo."

"Mbuzi, kidogo ni saa ngapi?"

"Mbuzi, huyu muntu alisomeaka wapi?"

Tuliendelea hivyo, na niwaambie ukweli, ilikuwa mahojiano bora kuliko mengi niliyofanya uso kwa uso. Mtu akiongea na mbuzi hajisifu. Nilijua kuhusu feni inayogoma, redio ya kaka wa Ngoie, simu za majirani zinazoletwa baada ya misa. Nikafika kwenye taa. Nyumba yote ilikuwa na ampulu za zamani, zile za kioo zinazochoma mkono, zinazokula umeme mwingi na kutoa joto kuliko mwanga.

"Mbuzi, zile ampulu za zamani tutatosha zote. Tutaweka za sasa, hazikulake kuran."

"Atoshe. Lakini asitupe. Aache zote pale ku kiti."

Kutosha hapa kwetu ni kutoa. Nikazitoa, nikafikiri ni uchumi wa mama wa nyumba, nikaziacha zote kwenye kiti. Kumbukeni kiti hicho.

Mwisho nikafika nilikokuwa nakuogopa. "Mbuzi," nikasema, "mu ile chumba ya mulango ya bluu, muko nini?"

Mwiko ukasimama. Kisha Mama Ngoie akatoka nyuma ya matete, uso ameugeuza upande wa barabara, akamfungua mbuzi, akamwongoza taratibu hadi nyuma ya nyumba. Nikabaki na kigoda na karatasi. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha, kwa sababu bila mbuzi hatukuwa na njia ya kuongea.

Jioni nilimsubiri Ngoie kwenye njia ya shule.

"Ngoie, mu kile chumba muko nini?"

"Chumba gani?"

"Ngoie."

"Iko kintu ya harusi," akasema, akaangalia kama kuna anayesikia. "Usiulize tena. Nikikuambia, mama atanitosha masikio. Mwanaume hajulishwake mambo ya huku mbele siku yayo haiyafika."

"Sitaki kujua jina yake. Niambie tu wati."

Alicheka hadi baiskeli ikamponyoka. Hakuniambia.

Nikaanza kufikiri. Kitu cha harusi chenye waya. Inaweza kuwa amplifaya ya muziki. Nikapiga hesabu ya amplifaya. Inaweza kuwa cherehani ya umeme, wanashona vitambaa vya sare vya akina mama. Nikapiga hesabu ya cherehani. Mashine ya kukaushia nywele, kwa wasimamizi wote wa bibi harusi, kwa zamu; hiyo hesabu ilinitoa jasho. Nilichukua kipimo cha kubana waya, nikakibana kwenye uzi mmoja wa ile ralonji upande wa sebuleni, saa za mchana. Haikuvuta kitu. Nikaogopa zaidi. Kitu kisichokula mchana, kinakula lini?

Siku nilipokuwa juu ya ngazi nikifunga nyaya za paneli, nilipita karibu na dirisha la chumba kile. Pazia lilikuwa limefungwa. Ndani nikasikia: pi, pi, pi.

Kila fundi anaijua sauti hiyo. Ni kifaa chenye betri kinacholalamika kwamba betri yake inaisha. Nikatega sikio. Pi, pi, pi. Si kimoja. Vilikuwa vingi, vimepishana, kila kimoja kinalalamika kwa wakati wake. Nilishuka kwenye ngazi taratibu kama mtu aliyeona nyoka, nikaenda dukani.

"Papa, mule ndani kuna vifaa vinne au vitano ambavyo sivijui, na vyote betri zao zinaisha."

"Nani alikuambia?"

"Vinalia pi pi pi."

Papa Kasongo aliweka chini kikombe chake. "Sasa tutaongeza batri juu ya pi pi pi?"

Hatukuongeza. Tuliweka mtambo kwa vile vitu tulivyovijua, na kwa vitu hivyo hesabu yangu ilikuwa sawa. Tulipowasha, Ngoie alipiga makofi. Nyuma ya matete sauti ilimwambia mbuzi kwamba taa hizi mpya ni nyeupe kama hospitali, lakini zinaonyesha. Umeme wa mji, kama kwa makusudi, ulikatika siku ileile jioni.

Asubuhi Ngoie alifika dukani kwa baiskeli, bado hajachana nywele.

"Imezima," akasema. "Friza imezima kabla jua litoke."

Tulikwenda mbio. Betri zilikuwa zimenyonywa hadi mfupa. Tulikuwa tunajadiliana kama tukaombe barafu, na kwa nani, umeme wa mji ulipoamua kurudi wenyewe, na friza ikaanza kunguruma. Samaki waliponea hapo. Lakini mjomba alikuwa amekwisha kupita, ameona, na ameondoka.

"Mama anasema nini?" nikamuuliza Ngoie.

"Haambii muntu. Anaambia tu mbuzi."

Papa Kasongo alikuwa na jibu lake tayari. "Ongeza pano moja."

"Papa, imezima usiku. Usiku hakuna jua."

"Basi ongeza batri."

"Ngapi?"

"Moja."

"Kwa nini moja?"

"Juu tuko nayo moja."

Hapa nawaomba msikilize, kwa sababu hili ndilo nililokuwa nimelisomea, na kwa mara moja lilinisaidia. Mtambo unaozima kwa sababu umebebeshwa vitu vingi kwa pamoja unazima ghafla, dakika ile mtu anapochomeka pasi. Huu haukuzima hivyo. Betri zilikuwa zimeshuka polepole, sawasawa, tangu jioni hadi alfajiri, kama ndoo yenye tundu. Kwa hiyo mle chumbani kulikuwa na kitu kinachowaka jioni na kuzimwa asubuhi, kisichosimama hata kidogo katikati. Amplifaya haifanyi hivyo, majirani wangelalamika. Cherehani haifanyi hivyo. Hakuna mwanamke anayekausha nywele usiku kucha. Ni kitu gani cha harusi kinachofanya kazi wakati watu wote wamelala?

Ningeweza kumwomba Ngoie abane kipimo kwenye waya usiku, anisomee namba. Nililifikiria hilo kwa siku mbili. Lakini namba ingeniambia kitu kile kinakula kiasi gani, isingeniambia kitaendelea kula hadi lini. Kikiwa cha wiki mbili, ni kosa kumnunulisha mama wa watu betri nyingine. Kikiwa cha maisha, ni kosa kutomwambia. Na mtu mmoja tu ndiye aliyejua, na mtu huyo nilikuwa naongea naye kupitia mbuzi.

Nikafanya uamuzi, na kwa kuwa ninajijua, niliufanya nikiwa tayari natembea, ili nisipate nafasi ya kuurudia kutoka chini kwenda juu. Nilikwenda nyumbani kwa mama yangu kuomba kuku.

"Wa nini?"

"Wa kutoa haya kwa mama wa Ngoie."

"Hamjaoana."

"Ninajua, Mama. Ni kwa sababu ya wati."

Mama akasema nimchukue yule mwekundu aliye nyuma ya choo, kwa sababu yule hana faida kwake: amekataa kutaga, anadonoa kila mtu, na wiki yote analalia. Nikaenda kumwangalia. Alikuwa ameatamia kwa moyo wote ampulu iliyoungua, moja ya zile nilizotoa kwenye nyumba nyingine nikazitupa kule. Alinidonoa mara mbili nilipomtoa juu yake.

Nilihitaji mzee wa kunisindikiza. Wazee wa ukoo wangu wangeitisha mkutano, na mkutano ungedumu kuliko samaki. Nikamwomba Papa Kasongo.

"Minyi ni muzee ya kazi," akasema. "Siko muzee ya ukoo yako."

"Hata hii ni kazi, Papa."

Akavaa koti.

Tulimkuta Mama Ngoie uwanjani, mchana mweupe, amekaa kwenye mkeka anachambua samaki wakavu. Aliniona nimenyoosha njia kumwelekea, akageuka kumtafuta mbuzi. Mbuzi hakuwepo, alikuwa amekata kamba na kwenda kwa jirani. Mama hakuwa na pa kuelekeza uso. Mimi pia sikuwa na pa kuelekeza, nikaangalia miguu yake. Kuku alikuwa chini ya kwapa langu ananguruma.

"Mama," nikasema. Lilikuwa neno la kwanza nililomwambia maishani bila kumpitishia mbuzi. "Minyi naleta kuku ya kutosha haya. Najua saa yayo haiyafika. Lakini nikiendelea kuongea na mbuzi, samaki yako itaoza, na minyi nitakosa bibi."

Papa Kasongo alikohoa kama mzee wa ukoo, nikamshukuru moyoni. Mama Ngoie aliniangalia kwanza magoti, kisha kifua, kisha akaamua kumwangalia kuku.

"Huyu kuku iko namna gani? Iko kali."

"Iko inalalia, Mama."

Aliinuka. Alimchukua kuku kutoka mikononi mwangu, akampapasa tumboni, pale ambapo manyoya yametoka na ngozi imekuwa ya moto. Kuna kitu kilibadilika usoni pake.

"Inalalia mayai ya nani?"

"Haina mayai. Ilikuwa inalalia ampulu ya kufa."

Alicheka. Hakucheka kidogo. Alicheka hadi akashika ukuta, na kuku akacheka naye kwa namna yake, na Ngoie akatoka ndani kuangalia nani amekufa. Kisha Mama Ngoie akajifuta macho kwa pembe ya kitenge, akasema, "Kuja," akatembea hadi kwenye mlango wa bluu, akaufungua.

Joto lilinipiga usoni kwanza. Kisha sauti: pi, pi, pi. Sakafuni kulikuwa na maboksi makubwa yaliyounganishwa, na ndani yake vifaranga, thelathini hivi, wa manjano, hata wiki hawajamaliza. Juu yao, kwenye fimbo, zilikuwa zimening'inia ampulu zangu. Zile za zamani. Zile nilizoziacha kwenye kiti ili nyumba isile umeme mwingi.

Vifaa vyangu visivyojulikana vilikuwa na miguu.

"Balitoka Lubumbashi na treni," akasema Mama Ngoie, sasa akiongea nami moja kwa moja, ingawa alikuwa anaangalia boksi. "Iko nyama ya harusi. Hii miezi baridi inabauaka. Jioni minyi nawashiaka bo ampulu, asubuhi nazimisha. Mukwe hajulishwake kile batamupikia. Sasa umejua. Siku ile utajifanya haujue."

"Nitajifanya, Mama."

Kumbe mchana haikuvuta kitu kwa sababu mchana chumba kina jua. Kumbe usiku ilivuta sawasawa kwa sababu baridi haipumziki. Kila namba niliyokuwa nayo ilikuwa sahihi, na zote zilikuwa zinaongea kuhusu vifaranga.

Mama Ngoie aliinama, akamweka yule kuku mwekundu ndani ya boksi. Tulisimama wanne mlangoni tukimwangalia. Kuku aliangalia upande mmoja, kisha upande mwingine, kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya wageni na hajui kitanda chake. Kifaranga kimoja kilimkaribia mguuni. Akakitazama kwa jicho moja. Nikasema moyoni: sasa atakidonoa. Lakini akajishusha, akafungua mabawa, akatoa sauti nzito ya chini ambayo hakuwahi kuitoa juu ya ampulu ya kufa. Kifaranga kikaingia. Kikafuata cha pili, kisha wakaanza kusukumana, hadi hukuona tena kitu isipokuwa kuku mpana na vidole vya manjano pembeni.

Nikanyoosha mkono, nikachomoa nusu ya ampulu kwenye fimbo. Wati mia kadhaa za usiku zikatoweka, bila betri wala paneli.

"Na kaka yako, Mama?" nikauliza. "Alisema tuangalie kama nyumba itabakia na kuran."

"Kaka yangu nitamuongelesha minyi mwenyewe," akasema. "Weye angalia friza."

Friza haikunitisha tena. Bila zile ampulu, hesabu ya kwanza kabisa, ile niliyoipata kwa mbuzi, ilitosha. Lakini nje ya mabawa walibaki vifaranga waliokosa nafasi, nusu yao, wamejikusanya kwenye kona wanalia pi pi pi chini ya ampulu zilizobaki. Nikatoa karatasi. Nikaanza: kuku mmoja wa ukubwa ule, eneo la mabawa, vifaranga waliofunikwa, vifaranga waliobaki, wanakua kwa kasi gani, na baridi ya alfajiri ikizidi itakuwaje, na kuku akisusa katikati ya usiku...

"Enjenia," akasema Papa Kasongo kutoka mlangoni. "Ongeza kuku moja."

Nilifungua mdomo kumuuliza kwa nini mmoja. Kisha nikakunja karatasi, nikatoka, nikazunguka mtaa hadi nikapata kuku mwingine anayelalia. Nikamleta. Nikaongeza.